Bwawa Ndani ya Chupa ya Pipi

Mwezi uliopita nilipita Biryogo, mtaa niliokulia, nikashuka hadi bondeni, pale maji yalipokuwa yakituama zamani. Ungepaona, ndugu yangu, ungedhani hapajawahi kuishi hata chura. Nikasimama, pua ikitafuta harufu ya tope.

Tope lile nililichota kwa mikono yangu nikiwa mtoto wa shule. Mwalimu wetu alikuwa ametueleza kwamba majani hutengeneza hewa tunayovuta. Nikamuuliza kama konokono na majani vikifungiwa pamoja ndani ya kioo vitaishi. Mwingine angeniambia nikae chini. Yeye alifikiri kidogo, akasema, "Sijui. Jaribu, halafu utuambie."

Bibi aliniombea dukani chupa kubwa iliyokwisha pipi. Niliweka tope, kokoto, majani ya majini na konokono wadogo kama maharage, nikaziba kifuniko kwa nta ya mshumaa. Bibi alikubali ikae dirishani kwa sharti moja: kiumbe akidhoofika, anafungua. "Na wao wana roho," alisema, akarudi kwenye maandazi yake.

Asubuhi kioo kilijaa ukungu; jua lilipopanda, matone yakaanza kuteremka. Bibi aliacha unga, akaja kutazama mvua ile isiyo na wingu. Jirani yetu, fundi cherehani, naye alikuwa akisimamisha mashine na kuja na futi shingoni kuuliza, "Bado iko nzima?"

Siku moja konokono mmoja akaelea, amejikunja ndani ya gamba. Bibi akachukua kisu aondoe nta. Nikamsihi asubiri hadi alasiri. Tukakaa kumkodolea macho, fundi pia. Adhana ilipoanza, konokono akatoa pembe zake, akashika jani, akashuka taratibu kama mtu aliyeamka usingizini. Bibi alirudisha kisu jikoni.

Baadaye niliona ute umeganda kwenye kioo, una vidoa ndani yake. Nilimweleza mwalimu siku shule ilipofungwa kwa Pasaka. Alifurahi kuliko mimi. Akanikataza kumwambia vidoa vile vitakuwa nini. Likizo ikiisha angekuja kwetu ajionee mwenyewe. Siku chache baadaye vidoa vikawa konokono wachanga, wadogo kama ufuta, wakipanda kioo.

Likizo yenyewe ilikuwa ya mwaka wa tisini na nne. Mauaji yalipoanza, tulikimbia na nguo tulizovaa. Tuliporudi, dirisha halikuwepo, chupa haikuwepo, na kwa fundi palikuwa kimya.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mzima wa kwanza kuniachia swali langu nilitafutie jibu mwenyewe. Shule ilipofunguliwa tena, mwingine alikuwa ameshika chaki. Niliinua mkono nimuulize mwalimu wetu yuko wapi. Nikawatazama wenzangu, kila mmoja ameinamia dawati lake. Nikaushusha.