Kasha la Kushoto

Kabla mwanangu hajaoa, nyuma ya pikipiki yake palikuwa pangu. Ilikuwa pikipiki ndogo ya Kihindi, ya kazi, na ubavuni upande wa kushoto ilikuwa na kikanyagio kipana cha chuma, na juu yake wavu wa kuzuia nguo isiingie kwenye cheni. Walioiunda walijua kuna wanawake duniani. Mimi hukaa upande, miguu yote kushoto, buibui nimelikunja chini ya mapaja, mkono mmoja kiunoni mwake na mwengine umeshika mkoba. Kila Alhamisi baada ya alasiri alinitoa kwetu Kuze akanipeleka Majengo kwa dada yangu. Njia nzima tukizungumza, yeye akipaza sauti mbele, mimi nikimjibu sikioni. Mambo asiyoyasema nyumbani aliyasema hapo. Hata kwamba ameona mchumba aliniambia tumesimama kwenye taa za barabarani, bila kugeuza kichwa.

Akaoa. Mwaka haujesha, akasema anataka pikipiki kubwa.

Si kwamba hakuwa na sababu. Kazi yake ya kupima visima ilikuwa imeanza kumpeleka mbali, na kwao mkewe ni ng'ambo ya Kinango, ambako lami huishia njiani na kubaki vumbi na mawe. Alitaka pikipiki inayokwenda lami na vumbi kwa raha moja, iliyoinuka juu, isiyogusa mawe kwa tumbo, na yenye nafasi nzuri ya mtu wa nyuma. Ndivyo alivyosema, mtu wa nyuma. Nilikuwa nimeshika birika la chai, nikaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika.

Tangu siku hiyo, kila jioni wakikaa ukumbini na simu moja, vichwa vimegusana, wakitazama picha za pikipiki. Kiti kiwe kipana. Pawe na mahali pa kushika. Vikanyagio vya nyuma visiwe juu sana, magoti yasiumie safari ndefu. Nilipita na sinia ya mahamri nikajitia hamnazo. Magoti ya nani? Mwenye magoti mabovu katika nyumba ile nilikuwa mimi, na miaka yote mwanangu hajapata kuniuliza magoti yangu yanasemaje.

Niliona wivu. Wala nisifunike jambo kawa. Dada yangu aliniambia ni kijicho, nikamkatalia. Kijicho ni kutazama cha mwenzio ukataka kimtoke. Mimi nilikuwa natazama changu. Mtu akichunga chake huyo ana wivu, na wivu mimi ninao tangu utotoni, marehemu mume wangu aliujua na aliishi nao.

Siku ya kwenda kuchagua, hakuna aliyenialika. Nikavaa buibui langu la kutokea, nikatangulia mlangoni. Tulichukua tuktuk sote watatu na mimi nikakaa katikati.

Yadi ilikuwa nyuma ya maduka ya vipuri, upande wa Bondeni, pikipiki kubwa zilizotumika zimepangwa chini ya mabati. Mwenye yadi alikuwa mtu mzima, mwenye adabu zake. Alinipa mkono, akaniuliza hali, akawaulizia na wa nyumbani kwangu asiowajua, kisha akamgeukia mwanangu.

"Hii springi ya nyuma hukazwa kwa uzito wa abiria," akasema. "Sasa niambie, mtu wa nyuma ni nani?"

Mwanangu alitazama huku na huku. Kulia kwake nimesimama mimi, kushoto mkewe.

"Ni... mtu wa nyumbani," akasema.

Mwenye yadi alinitazama mimi, akamtazama msichana, akachukua kitambaa akaanza kufuta tangi lililokuwa safi. Kwetu mtu wa nyumbani huwa ni mke, kila mtu anajua. Lakini na mimi si nakaa nyumba hiyo hiyo? Nilimkata jicho mwanangu na yeye akalitazama bati la juu.

Zilikuwako tatu za kufikiriwa. Ya kwanza nzito, kiti chake kama godoro, ila mwanangu alipoiinamisha kidogo ilitaka kwenda naye chini. Ya pili ya kadiri, kiti kipana, vishikio pande zote mbili. Ya tatu ilikuwa ndefu kama ngamia, matairi ya meno, na kiti chake cha nyuma chembamba kama mbuzi ya kukunia nazi. Nilimtazama mkaza mwana wangu. Ni mfupi, kichwa chake kinanifika begani, na mimi si mrefu.

"Chukua hii ndefu," nikasema. "Mashimo ya Kinango hayataki mchezo. Hii ndiyo imara."

"Mama ajua pikipiki!" akasema mwenye yadi.

"Nimekaa nyuma miaka mingi," nikajibu, na nilitaka kila mtu asikie.

Basi mwanangu akaipanda ile ndefu, na msichana akaja. Akalipandisha buibui kidogo, ndani ana suruali. Akaweka mguu wa kushoto kwenye kikanyagio, mkono begani mwa mumewe, na mara yuko juu, mguu huku na mguu huku, ametulia kama aliyezaliwa pale. Hakushika hata kishikio. Mwanangu alicheka kwa fahari, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu alipofaulu mtihani wa mwisho.

"Chabana kidogo kiti," akasema msichana akishuka. "Mama, hebu jaribu na wewe."

Sijui kwa nini sikukataa. Mwenye yadi alileta kreti ya soda. "Ndoo mama, kanyaga hapa taratibu." Nikapanda kreti, nikageuka nikae upande kama nilivyozoea, na nikakuta ubavuni pana kasha la bati lililofungwa kwa vyuma, na upande wa pili kasha jengine. Palipokuwa pa miguu yangu palikuwa pa mizigo. Nilisimama juu ya kreti, mgongo wangu umeelekea kiti, mkoba kifuani, watu wa maduka ya vipuri wananitazama. Nikateremka.

"Sikuja kununua mimi," nikasema.

Walichukua ile ya kadiri. Nayo ilikuwa na makasha mawili. Springi ilikazwa na sikutaka kusikia kwa kilo za nani, nilikwenda kusimama barabarani.

Alhamisi iliyofuata mwanangu akaniambia, "Mama, n'takuitia tuktuk. Hii itakutesa." Akalipa mwenyewe, akamwambia dereva anipeleke polepole. Na Alhamisi nyengine vivyo hivyo. Ndani ya tuktuk hakuna sikio la kusema nalo. Dereva yule ana redio.

Wao wakawa wanakwenda Kinango kila wapatapo nafasi. Hurudi nyusi zimejaa vumbi jekundu, wanacheka jambo waliloanza kulicheka njiani, na makasha yamejaa nazi, korosho na mihogo kutoka kwa mama wa msichana. Mihogo nilikula. Ilikuwa mizuri, na hilo nalo lilinikera. Siku moja, tukimenya vitunguu jikoni, msichana akasema bila kufikiri, "Akipewa kile cheo kipya, itabidi alale Taita mara kwa mara."

"Cheo gani?"

Akasita, kisu mkononi. Alidhani nimeambiwa. Mimi nikaendelea kumenya na machozi yakawa na kisingizio. Zamani ningelijua jambo lile kabla ya mtu yeyote, kwenye taa za barabarani. Sasa lina sikio jengine, na sikio hilo hupanda juu bila kreti. Usiku huo sikula nao, nilisema nimefunga ilhali mchana walikuwa wameniona nikila.

Ila msichana alikuwa ameyaona machozi yangu, na hayo hayakuwa ya vitunguu.

Alhamisi moja nikasikia ngurumo mlangoni saa ya tuktuk yangu. Nikatoka nikiwa tayari kugomba. Pikipiki imesimama, kasha la kulia lipo, la kushoto halipo. Mahali pake pamechomelewa kikanyagio kipana cha chuma, na juu yake wavu wa kuzuia nguo. Pikipiki yenyewe ilionekana kama imekatwa sikio moja, na wazee wa barazani walikuwa wameshaanza kucheka.

"Kasha lilikuwa likikwaruza kuta za vichochoro," akasema mwanangu, hanitazami. "Mke wangu ndiye aliyesema litolewe."

"Na hiki kikanyagio nacho kimewekwa kuta zisikwaruzwe?"

Akacheka. "Ni wazo lake pia. Alikwenda mwenyewe kwa fundi wa kuchomelea. Alichukua picha ya ile pikipiki ya zamani akamwonyesha, akamwambia, tengeza kama hivi."

Niliudhika. Angeninyima ningejua la kufanya, ningenuna, ningehamia kwa dada yangu wiki nzima, ningesema naye kwa mafumbo. Lakini kupewa? Pangu mwenyewe, nilipokaa kabla hajajua njia ya Kuze, leo napewa na yeye, na natakiwa kushukuru! Na kasha lile ndilo msichana alilokuwa akimtilia mamake vitu vya mjini. Sasa atavipakata mapajani mpaka Kinango.

Msichana alitoka ndani amebeba kreti ya soda. Sijui aliipata wapi. Akaiweka chini, akaikanyaga kwanza yeye kuona kama haitikisiki, kisha akanishika kiwiko.

"Taratibu, Mama."

"Ahsante," nikasema. Nililisema fupi, lakini nililisema.

Nikakaa. Kiti kilikuwa kipana kweli. Miguu yangu ilikikuta kikanyagio mahali pake, buibui nikalikunja chini ya mapaja, mkono nikautia kiunoni mwa mwanangu. Shati lake lilinuka udi wa mkewe. Namna ya kushuka kwa dada yangu sikuifikiria, hilo tungelijua huko huko.

Tulipofika kwenye kona nikageuza kichwa. Alikuwa bado mlangoni, kreti ameikumbatia kifuani. Alipokuwa akinipandisha alikuwa ana tabasamu, na sasa lilikuwa limemshuka. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama mkono wangu, pale ulipokuwa. Uso ule niliujua vizuri, nilikuwa nimeuvaa mimi tangu siku ya birika la chai, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule msichana ni mtu wa nyumbani kwangu.

Nikamkaza mwanangu kiuno.

"Usikate Bondeni," nikamwambia sikioni. "Zunguka Kizingo."

"Lakini mama, Majengo si huko!"

"Nnajua Majengo iko wapi. Zunguka, kisha unambie habari ya hicho cheo."