Mnazi Nyuma ya Bafu

Sisi watu wa Tangini tuna sifa ya ukarimu, na siikatai, maana hata mimi nimelelewa humo. Lakini ukarimu wetu wa enzi za Mwingereza ulikuwa na sharti lake, na sharti hilo lilimkosesha Sikuzani raha kwa miaka. Habari hizi nilisimuliwa na bibi yangu, Mwamvita, kisha na Sikuzani mwenyewe, na kila mmoja alitia chumvi yake. Nimezichanganya za wote wawili, na mimi nimetia kidogo.

Sikuzani alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande uliotawaliwa na Mreno. Mume wake, Salehe, alichoka kukamatwa kila msimu na kupelekwa kulima pamba ya watu kwa viboko. Wakati wa vita vya Hitla wakavuka mto, wakashika njia mpaka Dar es Salaam. Kazi haikuwasumbua. Salehe alipokelewa bandarini akawa hamali, na mgongo wake ulikuwa wa kazi hiyo hasa. Kilichowashinda ni pa kulala.

Walipanga chumba Kariakoo, katika nyumba ya vyumba sita na ua mmoja. Nusu ya mshahara wa Salehe ilimezwa na chumba ambacho kitanda kikishaingia, mlango haufunguki wote. "Nilikuwa naingia kwangu kwa ubavu," Sikuzani aliniambia, akasimama kunionyesha, na uzee wake wote ule. Mwenye nyumba naye alikuwa na hesabu zake. Mpangaji akipata mtoto, kodi inapanda, eti choo kinajaa mapema. Alipozaliwa Kondo, kodi ikapanda. Alipozaliwa mdogo wake, Matano, mwenye nyumba alikuja kumpongeza mzazi, akamshika mtoto, akamsifu kwa nywele nzuri, na palepale mtoto akiwa bado mikononi mwake akataja kodi mpya. Huyo nisingempa hata maji ya kunywa.

Kujenga mjini kulikuwa ndoto. Kiwanja kilitaka fedha, miti ya kujengea ilitaka fedha, na fundi hali upepo. Ndipo dereva mmoja wa lori akamwambia Salehe kwamba miti yote inayojengea Kariakoo inakatwa misitu ya Kibaha na Kisarawe, kwamba wakataji wanatafutwa, na kwamba huko hakuna kodi ya nyumba. Unamwendea mwenye mji, unamwomba, unakaribishwa. Salehe alidhani dereva anamtania.

Hakumtania. Mwenye mji wa Tangini alikuwa Mwinyimadi, kaka yake bibi yangu. Alimtazama Salehe, akamtazama Sikuzani aliyekuwa amembeba Matano mgongoni, na Kondo aliyekuwa amelala juu ya mzigo. Akawaonyesha mahali penye kivuli cha kutosha, si mbali na kisima.

"Karibuni," akasema. "Jengeni, limeni. Muhogo wenu, mtama wenu, kunde zenu. Kodi sitaki. Ila mti wa kudumu msinipandie. Mwembe, mnazi, mkorosho, hapana."

"Tumesikia, mzee," Salehe akajibu.

Sharti lenyewe ndilo hilo. Kwetu nyumba haikuwa kitu. Nyumba ya udongo mchwa wanaila, mvua inaishusha, mwenyewe anahama na mlango wake. Aliyepanda mnazi ndiye aliyekaa, kwa sababu mnazi ni mali ya aliyeupanda hata kama ardhi ni ya mwingine, na huwezi kumfukuza mtu ukamwachia minazi yake. Mwinyimadi hakuwa mchoyo. Baba yake aliwahi kumkaribisha mgeni, mgeni akapanda minazi kimyakimya, halafu akaenda kwa liwali akashinda kesi. Kipande kile mpaka leo si chetu. Nalisema hilo kwa haki tu, ingawa kwa Sikuzani halikusaidia kitu.

Wakajenga. Na hapa ndipo ninapomcheka Salehe kila nikikumbuka, kisha nikijicheka mimi kwa kumcheka. Mtu huyu alikata miti bora kuliko wote waliopita msitu ule. Alikijua kichaka chenye mkarambati, mti mgumu ambao mchwa wanausogelea na kuuacha. Lori lilikuja likabeba, na miti yake ikasimamisha nyumba za Kariakoo ambazo yeye hakuweza kupanga hata chumba. Lakini nyumba yake mwenyewe aliijenga kwa vijiti laini vya kando ya njia, vile vinavyokatika kwa panga moja. Akavifunga fito, wakakandika udongo, wakaezeka makuti.

"Baba Kondo," Sikuzani alimwambia siku ya kukandika, "niachie nafasi ya dirisha."

"Dirisha la nini? Wakituambia tuondoke, utalibeba?"

Sikuzani akakandika udongo pale alipotaka dirisha. Ndani kukawa giza mchana kutwa. Alikuwa na nyumba sasa, pana, ambayo aliingia kwa kifua na siyo kwa ubavu, lakini moyo ulikuwa haujakaa. Aliufagia uwanja wetu, bibi anasema, kama mtu anayelipwa kuufagia. Mtoto wa mwenye mji akililia muhogo wake, alimpa. Mbuzi wa watu wakila kunde zake, alinyamaza. Aliogopa kwamba siku moja neno moja litasemwa, na watarudi kwenye chumba cha ubavu, safari hii na watoto wakubwa. Hofu hiyo hakumwambia mtu. Bibi yangu aliiona kwa macho.

Mwaka wa tatu akajifungua binti, katika mwezi wa Ramadhani, na kwa ajili hiyo akaitwa Swaumu. Mkunga alikuwa bibi yangu. Alimpokea mtoto, akamwosha kila asubuhi, na kitovu kilipodondoka alikichukua yeye. Sikuzani alikuwa ndani kwa arobaini yake na hakuuliza kimepelekwa wapi. Kwao hilo si swali la mzazi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na bafu la makuti, na maji yake yalitiririkia upande wa pili, mahali Sikuzani alipopanda maboga. Majani ya maboga yalifunga pale pakawa hapapitiki. Swaumu alipoanza kusimama dede, maboga yakakauka, Sikuzani akaenda kuyang'oa. Katikati ya majani makavu akaona mnazi. Ulikuwa umenawiri kwa maji ya bafu, umemfika magotini, na majani yake ya kwanza yalikuwa yameanza kupasuka.

Alipigwa na baridi, aliniambia, jua likiwa utosini. Ajuavyo yeye, hakupanda. Basi kapanda Salehe! Alitaka kuung'oa palepale. Aliinama, akaushika shingoni, na mkono ukakataa. Akaachia, akachukua pakacha kuukuu akaufunika.

Salehe aliporudi alilikuta pakacha, akalifunua, naye akapigwa na baridi yake.

"Mama Kondo, unataka tufukuzwe?"

"Mimi? Si wewe uliyepanda?"

"Nipande mimi, nina wazimu?"

Wakagombana kwa sauti ya chini, ile ya watu wanaoogopa majirani, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye. Mwisho wakakubaliana kwamba nazi iliviringika yenyewe ikaotea pale. Salehe akaleta jembe. Sikuzani akasimama mbele yake na Swaumu kiunoni, akasema, "Kesho." Hakujua kwa nini alisema kesho. Mimi najua. Kitu pekee kilichoota pale bila kuomba ruhusa kilikuwa kile, na hakuwa na ubavu wa kukiua.

Kesho hiyo asubuhi alikuja Mwinyijuma, mpwa wa Mwinyimadi, kuazima shoka. Mbuzi walikuwa wameshaliangusha pakacha. Hakuazima tena shoka.

Baada ya sala ya alasiri, Salehe na Sikuzani waliitwa barazani kwa Mwinyimadi. Walikuwapo wanaume watano sita wa ukoo. Sikuzani alikaa chini, Swaumu mapajani, na wavulana wake nyuma yake. Salehe hakukaa.

"Nilisema nini siku ile?" Mwinyimadi akauliza.

"Ulisema mti wa kudumu tusipande, mzee."

"Na ule ni nini?"

"Mnazi, mzee. Wallahi sikuupanda. Wala mke wangu. Nipe ruhusa nikaung'oe sasa hivi, mbele ya macho yenu."

"Ung'oe nini!" Mwinyijuma akadakia. "Hivi ndivyo walivyotufanya wale wa kwanza. Mnazi mmoja, kesho minazi kumi, keshokutwa liwali. Mjomba, hawa wapewe siku zao wahame."

Sikuzani alisikia neno lile alilolingoja miaka mitatu, na aliniambia kwamba lilipokuja hata halikuwa kubwa. Lilisemwa kama mtu anavyoagiza chumvi. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Kondo alipomwona mama yake analia, naye akaanza.

Hapo ndipo bibi yangu alipoingia. Alichelewa kwa sababu hakuna aliyemwita, na alikuwa anatafuna tambuu, kwa hiyo watu walingoja ateme kwanza.

"Nasikia mnatafuta mwizi wa kupanda minazi," akasema. "Ni mimi."

"Dada, huu si wakati wa mzaha," Mwinyimadi akasema.

"Mzaha gani? Kitovu cha mtoto huyu nilikitunza mimi. Kwetu kitovu kinazikwa wapi? Si kinafukiwa, juu yake inawekwa nazi iliyochipua? Wewe wako si ule ulioegemea zizi la mbuzi? Nilichukua nazi yangu, kutoka mnazi wangu, nikaipanda kwa mkono wangu."

"Hiyo ni kwa watoto wa mji," Mwinyijuma akasema. "Hawa ni wageni, mama."

"Hao wawili ni wageni. Walikuja na mizigo, niliwaona." Bibi akamchukua Swaumu kutoka mapajani mwa mama yake, akamwinua juu barazani kila mtu amwone. "Na huyu je, ametokea wapi? Nilimpokea mimi. Hakuwa na mzigo. Kitovu chake mlitaka nikakizike wapi, nikipeleke kwa Mreno?"

Mzee mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mwinyimadi hakupendezwa. Nasema hivyo kwa sababu watu siku hizi humsimulia kama aliyekuwa amelitaka jambo hilo tangu mwanzo. Hakulitaka. Alifungwa na dada yake mbele za watu, na alijua amefungwa. Kumng'oa mtoto kitovu hakuna aliyewahi kufanya, na hakutaka kuwa wa kwanza.

"Haya," akasema mwishowe. "Mnazi ni wa Swaumu. Mmoja huo huo. Na mtoto hawezi kukaa na mnazi wake peke yake, basi wazazi wake wakae wamtunzie. Mwingine msipande."

"Hatupandi, mzee," Salehe akasema.

Nilimuuliza bibi kama alifanya kwa makusudi, kama alijua tangu siku ile ya kitovu kwamba mambo yatafika barazani. Alinijibu kwamba kitovu hakiwekwi mfukoni. Halafu baadaye, bila kuulizwa, akasema kwamba alichoka kumwona mwanamke mzima akiufagia uwanja kama kijakazi. Kwa nini hakumwambia Sikuzani mapema? "Angeung'oa kwa woga," akasema. Hapo bibi yangu alikosea kidogo, kwa sababu mimi nimekwambia kilichotokea Sikuzani aliposhika ule mnazi.

Siku ya pili Sikuzani alikwenda kisimani. Aliporudi na debe kichwani alisikia panga likigonga, na udongo ukianguka. Akaharakisha. Nyumba yake ilikuwa na tundu ubavuni, kubwa la kupita ng'ombe, na makuti ya upande ule yalikuwa chini. Akajua wenye mji wamebadili mawazo. Debe likamponyoka, maji yote yakamwagika.

Kumbe ni Salehe, amefunikwa na vumbi kama mtu aliyetoka kaburini, anang'oa vile vijiti laini kimoja kimoja na kuvitupa. Nusu yake ilikuwa imeshaliwa na mchwa. Pembeni amepanga nguzo za mkarambati, zile alizozikata kwa ajili ya lori la Ijumaa.

"Baba Kondo! Unafanya nini?"

"Nabomoa."

"Na lori?"

"Lori lije lirudi tupu." Akajifuta uso, akazidi kujipaka. "Ile niliijenga ya kupita. Sasa nataka ya kuzeekea."

Sikuzani alitaka kusema kitu kuhusu maji aliyoyamwaga. Akazunguka nyuma badala yake, akasimama palipokuwa na ukuta wa chumbani, mahali alipopakandika udongo miaka mitatu iliyopita. Kutoka pale mnazi ulionekana wote, na Swaumu amekaa kando yake anakula mchanga.

"Hapa," akamwambia mume wake. "Dirisha langu weka hapa."