Mbuzi wa Mwisho wa Msimu na Kipengele cha Tisa

Kwa miaka miwili nilifanya kazi katika kiwanda cha kukoboa kahawa pale Moshi bila kuwa mfanyakazi. Ukishangaa, hata mimi nilishangaa. Nilikuwa fundi wa mota, naingia kila siku saa mbili, natoka saa kumi na moja, lakini karatasi ilisema mimi ni mfanyabiashara anayejitegemea.

Karatasi hiyo niliisaini kwa wakala wa ajira, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simenti. Dada wa wakala alinisomea mkataba haraka haraka kama anayesoma matangazo ya misa. Kwenye kipengele cha tisa nikamwomba arudie. Kilisema mimi si mwajiriwa wa wakala wala wa kiwanda, na ikitokea watu wa kodi wakaamua kwamba ni mwajiriwa, basi kodi yote iliyopaswa kukatwa kwenye mshahara, pamoja na riba na faini, nitamrudishia wakala mimi.

"Yaani nyie mkikosea, nalipa mimi?"

"Kaka, hiyo ni kawaida tu. Wote wanasaini."

Nikasaini. Mwenye njaa hana miiko. Lakini akiba yangu yote ilikuwa ya kuezekea nyumba ya mama huko mgombani, na kipengele kile kingeweza kuezua mabati ambayo hata hayajapigwa.

Basi nikajilinda. Dada alikuwa amenieleza kwamba anayejitegemea ana vifaa vyake, hana sare, wala halishwi. Nikaleta spana zangu. Nikaleta kiti changu kutoka nyumbani kwangu Njoro, nimekibeba kichwani, na kikombe, na sabuni ya kunawia. Ovaroli ya kiwanda niliikataa. Wenzangu wakila makande kantini, mimi nilikula yangu nje ya geti, nimesimama, ili asije akatokea mtu akaapa kwamba nililishwa. Wakaamua kwamba nimeokoka kwenye dhehebu jipya lenye masharti. Nikawaacha waamini hivyo.

Aliyenishinda ni mtunza stoo, mzee wa Kichagga aliyekuwa hapo kabla ya nusu ya mashine. Mwisho wa kila msimu kiwanda kilichinja mbuzi, na yeye ndiye aliyegawa, kwa taratibu za nyumbani kwake: mgeni hula papo hapo, akashukuru, akaenda zake; mwenyeji hufungiwa kipande chake kwenye jani la mgomba akipeleke kwake. Mwaka wa kwanza nilikimbia, nikasingizia msiba Sanya Juu. Mungu anisamehe, hakufa mtu.

Mwaka wa pili, siku hiyohiyo ya mbuzi, akaja afisa wa kodi, mama mpole mwenye kalamu tatu, kukagua mafundi wote walioletwa na wakala. Alinihoji saa nzima ofisini kwa meneja. Nikamwonyesha spana, kiti, kikombe.

"Na chakula?"

"Najitegemea, mama."

Akaandika. Meneja akatabasamu. Mimi nikaanza kuchagua rangi ya mabati.

Tulipotoka uani, mzee alikuwa anatusubiri na fungu la nyama mkononi, limefungwa vizuri kwa jani. "Hili lako," akaniambia.

"Shikamoo, meku," nikasema, nikimwita kama Wachagga wanavyowaita wazee. "Ahsante, lakini mimi si wa hapa."

"Si wa hapa?" Uso ulimshuka kabisa.

Afisa akasimama. "Mzee, kwani huyu si mfanyakazi wenu?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mzee alikuwa ameona wakubwa wengi maishani, na alijua sababu moja tu ya mtu mwenye faili kuuliza swali kama hilo: kuna mtu anafukuzwa. Akanitetea kwa nguvu zake zote.

"Mama, huyu ni wetu! Asubuhi namkuta geti halijafunguliwa. Juzi mota imeungua Jumapili, nikampigia, akaja na suti ya kanisani. Meneja akimwambia fanya hiki, anafanya. Akitaka kwenda msibani, anaomba ruhusa. Miaka miwili hajagusa kazi ya mtu mwingine. Na hicho kiti alikileta kwa kuwa vya hapa vimevunjika!"

Kila sentensi iling'oa bati moja. Meneja akapatwa na kikohozi.

"Anayosema mzee ni kweli?" afisa akaniuliza.

Ningesema tu kwamba mzee anachanganya mambo, kwamba umri umekwenda. Wangeamini. Nilikuwa na hasira na wakala, na kipengele cha tisa, na yeye mzee kuliko wote. Lakini alisimama pale na jani lake akinitazama, na ukweli ni kwamba nilifurahi. Miaka miwili nilikula nimesimama nikithibitisha kwamba si wa kwao, na huyu hakuwahi kuniamini hata siku moja.

"Ni kweli," nikasema.

Wakala walinidai chao chote cha kipengele cha tisa wakakipata, na mama yangu alitega ndoo ndani ya nyumba masika mawili zaidi. Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, afisa alipoingia kwenye gari lake, mzee alinishindilia nyama mkononi, akatazama huku na huku, akaniinamia sikioni.

"Walitaka kukutoa," akanong'ona. "Nimewaweza?"

"Umewaweza, meku."