Siku Mbili za Kumwonjesha Mama Maziwa

Abdihafid wa mtaa wa Galbet, karani wa ofisi moja ya maji mjini Garissa, alikuwa mtu wa karatasi. Jambo lisipoandikwa, kwake halijawa jambo. Wiki ile aliandika safari ya siku mbili: yeye kwenye usukani wa gari la kuazima la Warfa, mwenzake wa kazini, na mama yake Arbia amelazwa kwenye godoro kiti cha nyuma. Ijumaa baada ya swala watoke, walale Modogashe. Jumamosi wapite Habaswein, na jioni wafike kwenye visima vya Wajir alikozaliwa mama. Kila kituo kazi ni moja, mama anywe maziwa ya ngamia.

Usicheke. Mama Arbia alikuwa na uvimbe kooni, na daktari alishasema lake: mrudisheni nyumbani. Chakula hakikupita tena. Maziwa yalipita, lakini haya ya sokoni, yaliyochanganywa ya ngamia wa huku na wa kule, aliyatema. Huyu ni mwanamke ambaye ukimfumba macho na kumpa kikombe, atakwambia ngamia amelala wapi na amekula nini. Haya ni ya mgunga, haya ya majani ya chumvi, haya ya ngamia aliyezaa juzi. "Nionje ya kwetu mara moja tu," alimwambia mwanawe, "halafu sina neno." Tangu siku hiyo Abdihafid hakupata raha.

Akapiga simu. Watu watatu, vituo vitatu, na dakika kumi hazikuisha. Salamu mbili tatu, kisha swali: maziwa yapo? Wa kwanza alikuwa Bulle, ndugu mdogo wa mama, mchungaji wa nje kidogo ya Modogashe. "Njoo, abti," alijibu, maana kwao mjomba na mpwa huitana hivyo. "Maziwa yapo." Wa Habaswein naye akasema yapo. Wa visimani akasema yapo, tena tele. Abdihafid akatia alama tatu kwenye karatasi na kwenda kujaza upepo magurudumu.

Alhamisi alasiri akamsomea mama mpango mzima. Mama akasikiliza hadi mwisho.

"Uliwauliza mvua ilinyesha lini?"

"Hapana."

"Ngamia wangapi wanakamuliwa? Wako malisho gani?"

"Niliuliza kama maziwa yapo, hooyo," alijibu; ndivyo kwao mama anavyoitwa.

"Umekuwa mgeni wa wapi wewe? Nani atamwambia mgeni hakuna?"

Aibu iliyoje! Mwana wa wafugaji, lakini miaka ishirini ya kiti cha ofisi imemsahaulisha hata kuuliza habari. Kwao habari huulizwa kwa mzunguko: watu kwanza, wazee, watoto, halafu mvua, malisho, kisima, mnyama mmoja mmoja, na ukweli hutoka wenyewe bila mtu kuvunjiwa heshima. Ukimuuliza mtu kama ana cha kukupa, umeshamlazimisha kusema ndiyo.

Akampigia Bulle tena, pale pale kando ya mama, safari hii kwa taratibu zake. Yakatoka. Mvua imekosa misimu mitatu. Ngamia wamepelekwa upande wa Banissa, mbali huko, na wengine wamefia njiani. Wawili waliobaki viwele vimekauka.

"Na maziwa uliyoniambia?"

"Ningenunua ya pakiti dukani, niyamimine kwenye kibuyu kilichofukizwa. Labda ule moshi ungemkumbusha dada ya kwetu kabla hajaondoka. Na mbuzi yupo, mmoja. Tungemchinja."

Wale wengine wawili nao aliwauliza kwa mzunguko ule ule, na hali ikawa ile ile. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Basi na waje mwaka huu waone mwenyeji anavyopona.

"Mwambie Bulle gari limeharibika," mama akasema.

"Na wewe, hooyo?"

"Mimi wa kwenda. Huyo ana watoto."

Abdihafid alibisha, akabembeleza, akasema watabeba mchele na sukari. Mama akatikisa kichwa. Mbuzi atachinjwa tu, hata mkienda na lori la mchele, na yeye mwana alilijua hilo. Akampigia Bulle mara ya tatu, mama akisikiliza.

"Abti, gari limeharibika. Hatuji."

"Alhamdulillahi," Bulle akasema, neno likamtoka kabla hajalizuia. Kisha haraka haraka: "Pole. Pole sana, abti. Mtakuja siku nyingine."

"Siku nyingine," Abdihafid akaitikia.

Mama aligeukia ukutani. Abdihafid alikaa pale kando ya mkeka na kulia, mwanamume mzima, wala hakujificha. Siku nyingine haikuwepo, na wote watatu walijua.