Mtori wa Saa Moja Angani

Mimi ndiye niliyejitia mjuaji. Mama aliponiuliza kutoka Arusha hadi Dodoma ndege inatumia muda gani, nilimwonyesha mstari ulionyooka kwenye ramani ya simu, nikajibu, "Saa moja tu, mama." Laiti ningeuma ulimi.

Mdogo wangu alikuwa amejifungua huko Dodoma alikohamia, mtoto wake wa kwanza, na kwenye simu alilia kwamba chakula hakipiti na maziwa hayatoki. Kwetu dawa ya hilo ni mtori, tena wa mkono wa mama mzazi. Kwa basi ni kutwa nzima, na mama ana msimamo wake: mtori uliopashwa hauleti maziwa. Kwa hiyo saa yangu moja ikawa habari njema nyumbani Ngaramtoni.

Alfajiri aliponda ndizi mshare na nyama, akajaza hotpoti, akaifunga kanga mbili na blanketi. Alikuwa amehesabu saa moja ya angani, basi. Njia ya kwenda uwanjani Kisongo hakuihesabu, wala kule kuripoti mapema.

Mlangoni dada wa ukaguzi alitaka ifunguliwe.

"Shikamoo mama. Humu kuna nini?"

"Marahaba. Mtori wa mzazi. Ukifunua, joto litatoka, mwanangu."

"Nitafunua kidogo."

Akafunua kidogo kweli, akachungulia, akafunika upesi, na kanga akazifunga mwenyewe. "Mpe hongera mzazi," akasema. Nilimpenda sana yule dada.

Kisha ndege ikachelewa. Tulikaa mpaka jua likawa kali, mama akiipapasa hotpoti na kunitupia lile jicho ninalolijua tangu utotoni. Lawama zilikuwa halali yangu.

Tuliporuka, aliibana hotpoti kwa miguu chini ya kiti cha mbele. Mlima Meru ulipita dirishani wala hakuutazama. Sijamaliza hata soda yangu, wakatangaza tunatua.

Tulimkuta mdogo wangu kitandani, mtoto kifuani. Mama alimimina mtori kwenye bakuli, akaonja kwa ncha ya kijiko, uso ukamshuka.

"Umekuwa vuguvugu," akasema, machozi yakimlenga.

Mdogo wangu hakungoja. Alinipa mtoto, akachukua bakuli, akala mpaka akakwangua.

"Niongezee, mama."

Mama akaongeza, na mimi nikashusha pumzi. Nilifurahi, sitaficha, hata lile jicho nikalisamehe. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda akimtazama binti yake anavyokula, anatabasamu. Halafu tabasamu likatulia.

"Kumbe ni saa moja kweli," akasema taratibu. "Miaka minne nakukumbuka, nasema mwanangu yuko mbali."