Kifaa cha Kunusa Polisi

Juzi dukani Kakuma, dereva wa lori alikuwa akichagua kifaa cha kunusa rada ya trafiki. Muuzaji, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, alimwekea viwili kwenye kaunta.

"Hii inalia mapema, kabla polisi hajakuona!"

Dereva akapiga kaunta. "Safi kabisa! Na ngamia?"

"Ngamia?"

"Akisimama barabarani, inalia?"

"Ngamia hana rada, ndugu yangu."

Dereva akavisukuma vyote viwili kwa muuzaji. "Polisi ni mtu mmoja, tutaongea. Nikigonga ngamia wa watu, nitaongea na ukoo mzima!"

Duka zima likalipuka kwa vicheko. Mimi, niliyekuwa nimeshatoa pochi ninunue kimoja, niliirudisha mfukoni, nikaendesha hadi Lodwar macho yamenitoka.