Jiwe Lililonitenga Nambis

Nilifika Nambis nikiwa na miaka ishirini na mitatu, sanduku la bati, na mdomo. Sanduku liliisha kwa kutu. Mdomo ninao mpaka leo, na kama ningejua kuufunga kwa wakati, haya yasingetokea.

Nilitokea Muheza, kwenye joto, nikapangiwa shule ya huku juu Mbulu ambako asubuhi ukungu unaingia darasani kabla ya wanafunzi. Enzi zile za Ujamaa mwalimu wa shule ya msingi hakuwa wa watoto tu. Asubuhi nilifundisha watoto, na alasiri, watu wakishatoka shambani, nilifundisha baba na mama zao kusoma na kuandika. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, na kila nilipotamka neno kwa lafudhi ya kwetu walicheka. Walisema naongea kama mtu anayeimba. Nililipenda darasa lile kuliko la asubuhi, na sioni aibu kulisema.

Mwanafunzi wangu mkali kuliko wote alikuwa mama mmoja, jirani yangu, mjane, rika la mama yangu mzazi. Nilimwamkia shikamoo kila asubuhi, naye akaitikia marahaba huku akinikagua kama nimevaa sweta. Alikuwa na barua. Binti yake wa pekee aliolewa Singida, na wakati wa kupanda mahindi barua ikaja. Mama akaiweka ndani ya Biblia ambayo pia hakuweza kuisoma, akasubiri. Nilipojitolea kumsomea aliifunga Biblia.

"Hapana, mwalimu. Ile ya kwanza alinisomea katibu wa kijiji. Kabla sijafika nyumbani, kisimani wote wananipa pole kwamba mkwe wangu anaumwa jino. Hii nitasoma mwenyewe."

Basi mahindi yakaota, yakapaliliwa, yakabeba, na barua bado imo ndani ya Biblia. Alikuwa ameshajua herufi zote, lakini bado zilikuwa zinamkatalia kushikana.

Hapo ndipo walipokuja wapimaji wa madini. Walikuwa watatu, na Landrover, wakapiga hema juu ya mto, upande wa pili wa malisho. Walikuwa na kisanduku kinacholia ti, ti, ti kikisogezwa kwenye mwamba. Habari ikazagaa kwamba wanatafuta jiwe la umeme. Alasiri ile hakuna aliyetaka kusikia habari ya herufi.

"Mwalimu," akasema mama, "hii jiwe ya umeme, nani anaiwasha?"

Mwenye busara angejibu kwamba hajui. Mimi nilisoma fizikia chuoni kwa mapenzi, nikaja kufundisha a e i o u, na tangu nifike hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna ile. Nilitupa kitabu cha kilimo bora mezani.

Nikawaambia hakuna anayelichoma kama kuni. Jiwe hilo linaitwa urani. Ukilisaga mpaka usiweze kulisaga tena, unabaki na chembe ndogo ajabu, na ndani ya kila chembe mna kiini. Kiini cha urani ni kizito na hakijatulia. Ukikigonga na kachembe kengine kadogo, kanaitwa nyutroni, kinapasuka vipande viwili. Kinapopasuka kinatoa joto, na kinarusha nyutroni nyingine mbili au tatu, nazo zinakwenda kugonga viini vingine.

Nikaona nyuso hazipo nami. Nikatafuta kitu cha hapo hapo.

"Asubuhi moto ukizimika kwako, unafanya nini?"

"Naomba kaa kwa jirani," wakajibu wote.

"Haya. Nyumba moja ina moto. Wanakuja majirani wawili, kila mmoja anachukua kaa. Kwa kila mmoja wanakuja wengine wawili. Mpaka jua linatoka?"

"Mlima mzima unafuka moshi," akasema mzee mmoja wa nyuma, akafurahi mwenyewe.

"Ndivyo urani inavyopeana moto. Ila ikiachwa ipeane tu, ni bomu. Kwa hiyo kwenye mtambo wanatia fito katikati. Zile fito zinazimeza nyutroni zisifike kwa jirani. Ukizishusha, moto unapungua. Ukizipandisha, unaongezeka."

Mama akapiga dawati. "Hizo fito ni wachoyo!"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikaandika ubaoni WACHOYO, wakaisoma silabi kwa silabi. Nikamalizia: joto linachemsha maji, mvuke unasukuma gurudumu kama unavyorusha kifuniko cha sufuria ya ugali, na gurudumu likizunguka, umeme huo. Nilikuwa natoka jasho kwenye baridi ya Nambis. Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Ningeishia hapo. Lakini yule mzee akauliza majivu yanatupwa wapi. Nikasema majivu ndiyo kazi. Yanabaki na moto usioonekana, unaodhuru mtu bila kumuunguza ngozi, kwa hiyo yanatengwa mbali na watu na maji, yanafunikwa, na hakuna kuyagusa kwa miaka mingi sana, mpaka yapoe yenyewe.

Mama akatazamana na wenzake, wakasema neno moja la Kiiraqw kwa sauti ya chini: metimani.

Mimi mgeni sikujali. Metimani ilikuwa desturi yao ya zamani, na hata miaka ile, pamoja na kanisa, wengi waliishika. Nyumba ikipatwa na kifo cha namna fulani, wenye nyumba hukaa kando na watu kwa muda. Hawaazimi moto wala hawaazimwi. Hawachoti maji pamoja na wengine. Ng'ombe wao wana njia yao. Si kwa chuki. Majirani huwatunza, huwawekea chakula mpakani na kuwasalimia kwa mbali, mpaka siku zao ziishe watakaswe, kisha wanarudi kama kawaida. Mama mwenyewe alikwishakaa hivyo mara mbili, na aliyajua masharti yote.

Basi darasa langu likatoka pale likaenda kuwatenga wapimaji.

Walifanya kwa adabu sana. Kila asubuhi wale watatu walikuta viazi vya kuchemsha na kibuyu cha maziwa juu ya jiwe, hatua nyingi kutoka hemani. Ng'ombe walizungushwa njia ndefu. Kiberiti chao kikalowa mvua, wakaja kuomba moto, na kila nyumba ikawaambia kwa upole kwamba wa kwao umezimika sasa hivi, huku moshi ukitoka juu ya paa. Na vibarua wa kuchimba mashimo hawakupatikana hata mmoja.

Mimi sikuona uhusiano wowote. Nilikwenda hemani kwa hamu ya kukiona kisanduku. Mkubwa wao alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye nyuzi za viazi kwenye ndevu. Tukapeana mikono, nikashika na jiwe moja lililoliza kisanduku. Nikarudi nyumbani nikiimba.

Kesho yake alasiri hakuja mtu darasani. Hata mmoja. Nje ya uzio wangu, ule ule wa shule nilikokaa, nilikuta kibuyu cha maziwa juu ya jiwe.

Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya tatu nililia, ninakiri. Kisimani wanawake walisimama mbali wakisubiri nimalize, wakinisalimia kwa uchangamfu wote, "Habari za leo, mwalimu!" kama watu wa ng'ambo ya mto. Watoto walikuja shuleni, lakini waliambiwa wasinipokee madaftari mkononi. Mama alikuja kila jioni mpaka kwenye uzio, Biblia kwapani, akanipa pole. Nikamuuliza mpaka lini.

"Wewe ndiye ulisema. Miaka mingi sana."

"Na kusoma je?"

Aliishika ile Biblia kwa mikono miwili. Nilijua darasa lile likifa, barua ile itazeeka bila kusomwa, na aliyeliua ni mimi.

Wapimaji nao, walipoambiwa na wanakijiji kwamba ndivyo mwalimu alivyofundisha, walikuwa wamepeleka malalamiko mjini. Wiki ile ile akaja afisa wa elimu ya watu wazima, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Akakuta madawati matupu. Mtaalamu wa Bukoba alikuwa amekuja naye, kisanduku begani.

"Mwalimu," afisa akasema, "umetumwa kufundisha kusoma. Umefundisha hofu. Na wanafunzi huna. Darasa hili nalifunga, na wewe nitaomba upangiwe Yaeda Chini, kule nyikani, ukawafundishe ng'ombe."

Nilifungua mdomo kujitetea, nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya uzio. Mama alikuwa amesimama palepale penye jiwe la maziwa, na nyuma yake darasa zima.

"Shikamoo, mzee," akamwambia afisa aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, kwa heshima ya suti. "Hatukuogopa. Tulifundishwa." Na akamweleza yote kwa kupaza sauti, kutoka mbali: kaa la moto, majirani wawili wawili, mlima unaofuka moshi, wachoyo wanaouzuia usiungue, kifuniko cha sufuria, na majivu. Hakuacha kitu. Afisa alisahau kufunga kalamu yake.

Mtaalamu akacheka mpaka akakaa chini. "Mama, mimi nilisomea haya miaka mitatu. Umenimalizia kwa dakika tano."

Halafu akafanya jambo la maana. Akaweka kisanduku kifuani kwake. Kikalia taratibu, ti, kikanyamaza, ti. Akakisogeza kwangu: vile vile. Akaenda mpaka kwenye uzio akakisogeza kwenye lile jiwe lililowekewa maziwa, jiwe la Nambis tangu dunia iumbwe, kikalia zaidi kidogo. Akaomba jiwe la jiko la mama likaletwa, kikalia tena.

"Kila jiwe linao huo moto usioonekana, kidogo," akasema. "Hata sisi. Hilo ninalotafuta linao zaidi, usilifanye mto wa kulalia, lakini halijaingia mtamboni. Majivu mabaya yanatoka mtamboni."

Mama alifikiri. Kisha akanigeukia, na macho yake yalikuwa makali kweli.

"Mwalimu. Ulituambia habari ya majivu. Hukutuambia kwamba haya mawe bado ni kuni."

Alikuwa sahihi. Kwa utamu wa kusimulia nilikuwa nimechanganya jiwe linalochimbwa na mabaki yanayotoka baada ya kuungua. Nikasema mbele ya wote, na afisa akiwa pale, kwamba kosa ni langu. Mama akavuka mpaka, akanishika mkono, akautikisa mbele ya wenzake mpaka bega likauma. Wakaingia wote, wakakaa madawatini. Afisa alisimama mlangoni kwa muda. Mwisho akaandika kwenye daftari la wageni kwamba mahudhurio ni mazuri.

Kabla mtaalamu hajaondoka mama alimuuliza umeme huo utafika lini hapa.

"Si leo. Mtambo ni ghali, unataka watu waliosoma sana, na mahali pa kuweka majivu pa kuaminika. Labda wajukuu zako watauona."

"Sina mjukuu," akasema mama, kwa unyonge ambao sikuwa nimeuzoea kwake.

Urani hawakuipata pale. Leo umeme umefika Nambis, nao unatokana na maji na gesi, siyo jiwe. Lakini redioni nawasikia wataalamu wakisema nchi inajiandaa kwa nyuklia, wakieleza usalama na mabaki, na mimi huku nawajibu kwa sauti kana kwamba wananisikia. Nawaambia waanze na kuni kabla ya majivu.

Barua ilisomwa mahindi yakiwa yameshavunwa. Mama alikuja kwangu mchana, akakaa kwenye kigoda, akaifungua mwenyewe. Nilikatazwa kutazama, nikageukia ukuta. Alisoma silabi moja moja, kidole kikiburuzika juu ya karatasi. Ma-ma. Shi-ka-mo-o. Mi-mi ni m-zi-ma. Kisha akakwama kwenye neno refu, akarudi, akakwama tena. Niliuma ulimi, mimi, nikanyamaza. Ni-me-ji-fu-ngu-a. M-to-to wa ki-ke. Ni-me-m-pa ji-na la-ko.

Nikageuka bila ruhusa. Machozi yalikuwa yanafika kidevuni, naye anacheka.

"Tangu kupanda!" akasema. "Ndiyo maana hajaandika tena, amenuna kwamba sijamjibu. Mtoto ameshakaa sasa, anajishikilia." Akaikunja barua taratibu, akairudisha kwenye Biblia, akasimama kuvaa kanga yake ya kusafiria.

"Mwandikie yule mtu wa Bukoba," akaniambia. "Mwambie yule mjukuu wa kuuona umeme wa jiwe ameshazaliwa."